Chumvi Vijiko Saba

Tarehe 2 Aprili

Nimefika salama. Meli ilinitapisha mara nne, na mara ya tano sikuwa na cha kutoa.

Daftari hili nilipewa na Mwalimu Mkuu siku ya kuniaga, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwapikia wanafunzi mia sita. Alisema mbele ya watu wote, "Mama, umetulisha vya kutosha, sasa nenda ukale wewe. Kila utakachoonja huko kisiwani kiandike, siku ukija kututembelea utusomee." Watu wakapiga makofi. Mimi nikalia, maana nilitegemea wangenipa jiko la gesi.

Basi naandika. Niko kwa binti yangu, aliyeolewa huku mwaka juzi na fundi wa injini za boti. Ana mimba ya miezi mitatu, na harufu ya samaki ikimpata tu anakimbilia nje na kiganja mdomoni. Masikini, kisiwa chenyewe kimezungukwa na samaki pande zote. Nimekuja kumtunza mpaka mvua ziishe.

Wanaishi nyuma ya mkahawa wa mama yake Fundi. Ni meza nane, sakafu ya saruji, na jiko kwa ndani lenye kidirisha cha kupitishia sahani. Huyu mkwe mwenzangu nimempa jina la Bi Mwiko, kwa sababu tangu nifike sijamwona bila mwiko mkononi. Hata kunikumbatia alinikumbatia nao, ukanichoma mgongoni.

"Karibu mkwe wangu, karibu! Leo utakula chakula cha huku mpaka usahau kwenu!"

Chakula cha kwanza: mchuzi wa pweza wa nazi, na shelisheli la kuchoma. Pweza laini, nazi nzito, harufu ya kuita watu barabarani. Nikatia kijiko mdomoni.

Chumvi. Sisemi chumvi imekolea, nasema chumvi, yenyewe, na pweza ndani yake amekuja kutembea. Sufuria lile nililiona jikoni, ni la watu kumi na wanne. Ningepika mimi ningetia vijiko viwili. Pale viliingia saba. Na Bi Mwiko amesimama mbele yangu, mwiko kifuani kama askari wa lindo, ananisubiri niseme.

Nikamwambia, "Haijapata kutokea."

Akafurahi, akaniongeza.

Tarehe 3 Aprili

Mvua. Kiu.

Tarehe 5 Aprili

Kinywaji cha huku cha asubuhi: ukwaju na tangawizi, kinanywewa cha moto. Kimetiwa chumvi. Kinywaji!

Nikamvuta binti yangu pembeni. "Hivi huku ukwaju wanautia chumvi?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nauliza."

"Ndiyo unavyoanza hivyo, mama."

Yeye anaishi kwa mkate mkavu na chai ya rangi, atajua nini.

Tarehe 8 Aprili

Kaa wa kuchemsha na ndimu: chumvi. Majani ya baharini yaliyokatwakatwa na kitunguu: hayo yametoka baharini kwenyewe, na bado akayaongezea. Ni kweli mimi nimekula chumvi nyingi, nywele zangu zinaonyesha, lakini sikuila yote kwa wiki moja.

Mvua haijakata tangu juzi. Nguo zangu mbili zimeota ukungu.

Tarehe 10 Aprili

Leo nimeelewa. Huyu mama ananifukuza.

Wapishi tuna lugha yetu. Shuleni, mwalimu wa zamu akituudhi tulimpakulia ukoko, siku tatu mfululizo, bila kumkosea adabu. Siku ya nne alikuja mwenyewe kutuomba radhi. Bi Mwiko ameona mpishi mwenziwe ameingia na sanduku, akasema moyoni, huyu amekuja kunichukulia jiko. Sasa ananiambia kwa chumvi nirudi nilikotoka. Mdomoni asali, "mkwe wangu, mkwe wangu", kumbe ana roho ya kwanini.

Na kosa ni langu. Siku ya pili nilimwonyesha kijiko changu cha kupimia, kile cha bati chenye alama niliyoikwaruza kwa msumari. Nikamweleza kwamba shuleni hatuonji. Huwezi kuonja sufuria ambalo ukiinamia vibaya unatumbukia. Tunapima: kijiko hiki, watu hawa, basi. Akacheka mpaka akakaa.

"Mkwe, chakula si dawa ya kikohozi! Chakula ni ulimi!"

Sawa. Nitakaa mpaka mwisho wa mvua, ili mradi tu nimkere.

Tarehe 11 Aprili

Nimenunua ndizi. Nazila chumbani, mlango umefungwa.

Tarehe 15 Aprili

Nilikuwa naanika nguo chini ya paa la nyuma nikasikia Fundi na mama yake jikoni. Sikujificha. Nilisimama tu mahali ambapo hawanioni.

"Mama, meza tatu leo. Jana mbili. Makarani wa bandarini walikuwa wanakula hapa kila siku, sasa wananunua maandazi."

"Mvua hiyo, mwanangu. Nani atatoka na mvua hii?"

"Maandazi wanayafuata na mvua hiyohiyo."

Kisha Fundi akasema kwa sauti ya chini, na ilionekana ameyatafuna maneno hayo siku nyingi, "Mama, umechoka. Mvua zikiisha, hizi meza zikiwa bado tupu, nitaleta mpishi mwenye cheti. Wewe utakaa, utapumzika, utatunza mjukuu."

Nilisikia mwiko unagonga ukingo wa sufuria, taratibu, kwa muda mrefu.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilianika shuka nikiimba.

Tarehe 19 Aprili

Leo nina mengi, na sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye ubaya wangu. Asubuhi niliamka na hasira. Jana alinipa uji wenye chumvi ya kuhifadhia ngozi, na leo nikaona imetosha, lugha hii na mimi naijua. Yeye hunywa kahawa kikombe kikubwa kabla ya kuwasha moto. Nikajitolea kumpikia. "Pumzika mkwe, leo nakuandalia mimi." Nikatia chumvi. Vijiko viwili vilivyojaa, kwa kikombe kimoja, nikakoroga, nikampelekea huku nakenua meno.

Nikakaa mbele yake. Nilitaka kumwona.

Akanywa funda la kwanza. Akanywa la pili. Akanywa kahawa yote mpaka machicha, akajifuta midomo, akasema, "Ahsante mkwe wangu. Leo umejitahidi. Sukari ya kutosha, siyo ubahili wako ule."

Nikamwangalia usoni kama kuna mzaha. Hakuna. Ananiangalia kwa shukrani, na kikombe amekishika kwa mikono miwili.

"Mkwe," nikasema, "ile haikuwa sukari."

Kwanza hakuelewa. Kisha nikaona amekwisha kuelewa, kwa sababu aliuweka mwiko mezani. Alikwenda kufunga mlango wa jiko, akarudi, akakaa juu ya gunia la mchele.

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mimi ndiye niliyetia chumvi."

Mwaka jana alishikwa na homa kali wiki tatu. Ilipoondoka, iliondoka na ulimi wake na pua yake. "Nikionja naona kama naramba ukuta," akasema. "Nilidhani vitarudi. Nikasema kesho, nikasema mwezi ujao. Natia chumvi sisikii kitu, naongeza. Nakumbuka tu kwamba zamani nilikuwa naisikia, basi naongeza mpaka niisikie." Akaanza kucheka, na kicheko hakikufika mwisho. "Nimeingia jikoni nina miaka kumi na miwili, mkwe. Mwanangu anataka nikae. Nikae wapi? Kwenye kiti? Nikitazama nini?"

Mimi namjua mtu aliyekaa kwenye kiti. Ni mimi. Tangu waniage shuleni, kila siku saa kumi alfajiri nilikuwa naamka kuwasha moto ambao haupo. Sijamwambia binti yangu jambo hilo, ndiyo kwanza naliandika hapa.

Kumbe siku zote hizi alikuwa haniambii chochote kwa chumvi yake. Alikuwa ananikaribisha.

Nikamwambia, "Ulimi ninao mimi. Utumie."

Ameniapisha nisimwambie Fundi wala binti yangu. Nimeapa.

Tarehe 20 Aprili

Utaratibu: nakaa meza ya karibu na kidirisha, kama mgeni. Ananipitishia kijiko. Nikigonga sahani mara moja, bado. Mara mbili, imefika. Mara tatu, imezidi. Leo nimegonga tatu mara tisa mfululizo. Sufuria zima amewapa bata wa jirani.

Tarehe 21 Aprili

Bata wamekunywa maji ya mtaro mzima.

Tarehe 24 Aprili

Ugomvi. Yeye anatia chumvi kwa kiganja, na kiganja chake hakina akili tena. Nikampa kijiko changu cha bati. "Mimi? Kijiko cha shule?" Nikamwambia basi endelea na kiganja, bata wanakusubiri. Akakipokea kwa ncha za vidole, utadhani nimempa panya.

Naandika vipimo vyote humu, nisisahau. Mchuzi wa pweza wa nazi, watu kumi na wanne: pweza wakubwa watatu, nazi sita, chumvi vijiko viwili, ndimu nne mwishoni. Ni mtamu! Nimekula sahani tatu. Sasa ndiyo naelewa kwa nini watu walikuwa wanatembea na mvua kuja hapa.

Tarehe 27 Aprili

Supu ya vichwa vya samaki na embe bichi: chumvi kijiko kimoja na nusu, pilipili mbili nzima zisipasuke. Nikagonga sahani mara mbili kwa kijiko cha kwanza tu. Bi Mwiko alichungulia kidirishani akanikonyeza. Mama mzima.

Tarehe 30 Aprili

Fundi ameniuliza kwa heshima, "Mama, samahani, hivi huko kwenu ni kawaida kugonga sahani wakati wa kula?"

Nikamwambia shuleni tulikuwa tunawaita wanafunzi kwa kugonga, mkono umezoea.

"Sasa hapa unamwita nani, mama?"

Nikajifanya nimepaliwa.

Tarehe 4 Mei

Duriani. Tunda lina miba kwa nje, ladha yake tamu ajabu, na harufu yake ni ya soksi za kwaya nzima. Bi Mwiko, ambaye hasikii harufu, alimpelekea binti yangu chumbani kwa upendo wote, limepasuliwa, kwenye sinia. Binti yangu alitokea dirishani, na mimba yake. Namshukuru Mungu nyumba haina ghorofa.

Tarehe 9 Mei

Meza tano. Makarani wa bandarini wamerudi, wawili. Walionja kwa woga, kijiko nusu nusu. Kisha wakaita sahani ya pili.

Gauni langu la bluu halifungiki.

Tarehe 13 Mei

Kinywaji cha majimaji ya nanasi yaliyolazwa siku tatu kwenye mtungi. Kazi ya mtu anayeonja ni kuonja, nikaonja. Nikaonja tena kuhakikisha. Bi Mwiko anasema niligonga sahani mara kumi na saba, hakujua ndiyo au hapana.

Tarehe 18 Mei

Leo tulikuwa tunamenya vitunguu, mvua inapiga bati, hatusikilizani, tunapigiana kelele. Akaniuliza pweza wa leo alikuwaje. Nikasema mtamu. Akasema, "Hapana, niambie." Nikamwambia nazi imetangulia, halafu chumvi kidogo, halafu ndimu imekuja nyuma ikasafisha mdomo. Akafumba macho. "Enhe," akasema. "Ndiyo yeye." Tukaendelea kumenya, na machozi ya vitunguu yalitusitiri wote wawili.

Nampenda huyu mama. Nimeandika.

Tarehe 23 Mei

Meza saba! Fundi amehesabu mara mbili. Hajasema kitu kuhusu mpishi mwenye cheti, lakini hajasema pia kwamba hamleti.

Tarehe 26 Mei

Dhoruba. Paa la jiko la hoteli ya juu kilimani limeruka, limekutwa uwanja wa mpira. Nilitoka kukimbiza sufuria zetu zilizokuwa zinaelea uani, nikalowa mpaka mifupa.

Tarehe 27 Mei

Naandika nikiwa nimejifunga blanketi. Kila kitu kimekwisha kujulikana, na aliyekitoa ni mimi. Tuseme daftari hili.

Saa moja asubuhi meneja wa hoteli alikuja mwenyewe, suruali imekunjwa mpaka magotini. Ana wageni arobaini na wawili na hana jiko. Anaomba chakula cha mchana, mchuzi wa pweza, saa saba. Fundi akaitikia kabla hatujavuta pumzi. Akamgeukia mama yake, "Mama, haya ndiyo tuliyokuwa tunayasubiri. Leo watu wakila wakaridhika, habari ya mpishi mwingine sitaitaja tena." Akaondoka kutafuta mabenchi.

Wakatuletea sufuria la hoteli. Kubwa, la shule kabisa! Nililipapasa. Bi Mwiko yeye alilitazama akarudi nyuma hatua moja, maana hajawahi kupikia zaidi ya watu ishirini.

"Usihofu," nikamwambia. "Wewe pika, mimi niko kidirishani."

Nikasikia sauti yangu inavyotoka. Puani.

Nikachukua kijiko cha tui. Hakuna kitu. Nikachukua kitunguu kibichi nikatafuna. Karatasi. Nikaramba chumvi yenyewe kwenye kopo, ikawa mchanga. Mafua ya mvua ya jana yalikuwa yamenifunga kila tundu.

"Mkwe," nikasema, "na mimi naramba ukuta."

Tukatazamana. Wapishi wawili, miaka themanini ya jikoni tukijumlisha, na hatuna ulimi hata mmoja. Bi Mwiko akachota chumvi koponi kwa kiganja, kwa mazoea, nikamdaka mkono.

"Daftari!" nikapiga kelele. "Mwanangu! Niletee daftari langu, liko chini ya mto!"

Binti yangu akaja mpaka mlango wa nyuma na hakuvuka. Alijifunga kanga puani, ndani yake amebana nusu ndimu. Nikamwambia, "Tafuta pweza wa nazi, tusomee vipimo. Vipimo tu, mengine uyaruke!"

Lakini mwandiko wangu umebanana, na vipimo vimechanganyika na habari. Na yeye akaanzia mwanzo, kwa sauti ya darasani.

"'Mchuzi wa pweza wa nazi... chumvi, yenyewe, na pweza ndani yake amekuja kutembea...' Mama!"

"Ruka!"

"'Amesimama mbele yangu, mwiko kifuani kama askari wa...'"

"Ruka nimesema!"

"'Mdomoni asali, mkwe wangu, mkwe wangu, kumbe ana roho ya kwanini.' Mama, uliandika hivi kweli?"

Bi Mwiko alikuwa ananitazama. Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Nilitamani lile sufuria linimeze.

"Fungua mbele! Tarehe ishirini na kitu!"

Akafunua kurasa kwa pupa, vidole vimelowa, akasoma asichokijua mpaka alipokwisha kukisema. "'Ilipoondoka, iliondoka na ulimi wake na pua yake. Nikionja naona kama naramba...'"

Nyuma yake, na benchi begani, alikuwa amesimama Fundi.

Mwiko ukaanguka. Kwa miezi yote hii sijapata kuuona sakafuni.

Fundi akateremsha benchi. "Tangu lini, mama?"

Bi Mwiko alikuwa mdogo ghafla, mbele ya lile sufuria. Niliona anavyotazama jiko lake, kila kitu kwa zamu, kama mtu anayeaga. Nikaona kwamba nimeapa, na nimevunja kiapo, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mimi na kalamu yangu. Lakini miaka thelathini na moja ina faida yake, ukisikia kengele miguu inakwenda yenyewe.

"Wageni arobaini na wawili!" nikasema. "Tutalia saa tisa. Mwanangu, soma!"

Akasoma. "Watu kumi na wanne. Pweza watatu."

"Mara tatu. Tisa!"

"Nazi sita."

"Kumi na nane!"

"Chumvi vijiko viwili."

"Sita!"

Bi Mwiko aliokota mwiko, akauosha, akaninyooshea kiganja. Nikampa kijiko cha bati. Alipima chumvi ile kwa mikono miwili, anahesabu kwa sauti, moja, mbili, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika sita akasimama, na niliona mkono unamwasha kuongeza, na hakuongeza. Ndimu kumi na mbili mwishoni.

Kisha nikachota kijiko, nikampa Fundi. "Onja."

Akaonja. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu. Ndipo nikaona amekumbuka sahani zangu zote za mwezi mzima, na amefahamu nilikuwa namwita nani. Akainua kile kijiko akagonga ukingo wa sufuria. Mara moja. Tukasubiri, roho mkononi.

Akagonga ya pili.

Wageni walikula, sufuria likabaki kavu. Mpishi wa hoteli, mwenye cheti na kofia nyeupe, alikuja kidirishani kuomba ukoko.

Tarehe 28 Mei

Bi Mwiko hasemi nami. Ananihudumia kwa adabu kubwa, jambo linalotisha zaidi.

Tarehe 29 Mei

Amesema. Alimweka binti yangu kitini akasomewa daftari lote, neno kwa neno, mimi nikiwa nimekaa hapohapo kama mshtakiwa. Kila tusi alilisimamisha. "Hapo rudia. 'Nilianika shuka nikiimba.' Uliimba nini?" Sikukumbuka. "Basi imba wimbo mwingine." Nikaimba, na mafua yangu.

Walipofika tarehe kumi na nane alimwambia binti asome pole pole. Kisha akasema inatosha, akaenda kukuna nazi.

Tarehe 1 Juni

Fundi alikuja na ubao mdogo, akaupigilia ukutani karibu na jiko, kimo cha macho ya mama yake. Rafu. Pale pakae daftari.

"Na yule mpishi mwenye cheti?" Bi Mwiko akauliza, mgongo ametugeuzia.

"Mama, mimi ni fundi. Mshale wa mafuta ukifa hatutupi injini. Tunaweka mtu wa kuchungulia tangi." Akasema ataonja yeye kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akampa mama yake kijiko changu, akashika mikono yake yote miwili, na kwa mara ya kwanza nikamwona Bi Mwiko analia waziwazi, kwa sauti, na mwiko kwapani.

Tarehe 5 Juni

Jua. Nguo zimekauka. Nimekata tiketi.

Mwalimu Mkuu atanisamehe, daftari linabaki.

Tarehe 9 Juni, kwenye karatasi ya mfuko wa sukari, ndani ya meli

Asubuhi Bi Mwiko aliniweka meza ya kidirishani. Fundi alikuwa ametangulia kupeleka sanduku langu bandarini, binti yangu yuko chumbani. Daftari liko kwenye rafu, limefungwa. "Leo nimekupikia peke yangu," akasema. "Bila mtu. Kwa mkono wangu, kama zamani."

Mchuzi wa pweza wa nazi. Mafua yangu yamekwisha, ulimi wangu mzima kabisa. Nikatia kijiko mdomoni.

Chumvi. Ileile ya siku ya kwanza.

Amesimama mbele yangu, mwiko kifuani. Nikafikiri, nikigonga tatu nitakuwa nimemwambia kweli, na nitapanda meli nimemwacha na kweli hiyo, peke yake, siku aliyotaka kunipa kitu chake mwenyewe. Nikala. Nikala mpaka mwisho, nikapangusa sahani kwa shelisheli, machozi yananitoka, nikasema ni mvuke. Nikainua kijiko. Nikagonga mara mbili.

Akanitazama. Halafu akashika meza kwa mikono yote miwili, akacheka mpaka akakosa pumzi.

"Muongo mkubwa wewe! Vijiko saba! Nimepima kwa kijiko chako mwenyewe, saba kamili, kama ulivyoniandika! Siku ya kwanza 'haijapata kutokea', na leo mbili! Mpishi gani wewe?"

Nilimwita majina ambayo siyaandiki, karatasi hii ina picha ya mtoto. Tukacheka, tukashikana, mwiko ukanichoma mgongoni palepale pa zamani. Kisha akanipa kopo lenye mfuniko, limefungwa kitambaa. "Huo wa njiani. Vijiko viwili. Oktoba mtoto akizaliwa uje na kopo langu."

Nimekunywa maji chupa tatu na bado nina kiu. Tumekwisha kutoka bandarini, bahari imetulia, sijatapika hata mara moja. Nimefungua kopo, nimeonja. Nazi imetangulia, halafu chumvi kidogo, halafu ndimu.

Nikagonga mfuniko mara mbili. Abiria wa kiti cha pili akageuka, akaniuliza kama kuna mtu namwita.

Nikamwambia ndiyo.